Tuzo zangu za nusu msimu, hoki ya barafuni Boston College 2023/24: kipa kwanza, mastaa wafuate

#1 Mpare wa Waltham, Januari 22, 2024

Wakuu, salaam.

Najua jukwaa zima liko Ivory Coast kwenye AFCON, na najua jana usiku wengi mmelala na kidonda cha lile goli la Daka la kuisawazishia Zambia dhidi ya Taifa Stars dakika ya 88, Zambia wakiwa pungufu. Poleni, na mimi nimo. Ila uzi huu niliuahidi tangu Novemba, nusu ya msimu imeshapita, kwa hiyo naushusha leo.

Kwa wageni: naishi Waltham, Massachusetts, na huu ni msimu wangu wa nne naifuatilia timu ya hoki ya barafuni ya Boston College (BC), wale wanaoitwa Eagles. Same nilikokulia, barafu niliyoijua ni ile ya kwenye mfuko wa nailoni, unaing'ata kona unafyonza. Mchezo huu nimefundishwa na mzee mmoja ninayemhudumia zamu ya usiku. Amesoma BC, ana miaka tisini na kitu, na mwaka 1949 chuo kilipotwaa ubingwa wa taifa kwa mara ya kwanza alikuwa kijana wa sekondari. Baadaye ukaja wa 2001, 2008, 2010 na 2012. Jumla mitano. Mzee anausubiri wa sita, na mimi nimejikuta nausubiri pamoja naye.

Mchezo wenyewe kwa haraka. Uwanja una urefu wa mita 61 hivi na upana wa 26, umezungushiwa ubao na kioo. Watano wanateleza, mmoja yuko golini. Vipindi vitatu vya dakika 20. Hakuna anayecheza mfululizo: mtu anaingia, anatumia nguvu zote kwa sekunde 40 au 50, anatoka, mwenzake anaruka ubao kuingia huku mchezo unaendelea. Ndiyo maana utasikia watu wakizungumzia safu, yaani washambuliaji watatu wanaoingia na kutoka pamoja. Ukicheza faulo unakwenda kukaa kibandani dakika 2, wenzako wanahangaika pungufu.

Na kinachopigwa si mpira wa duara, ni kisahani. Ninacho hapa mezani wakati naandika. Kiliruka juu ya kioo timu zikipasha misuli, kikagonga kiti cha mbele yangu, nikakiokota. Cheusi, kizito kuliko unavyodhani, gramu 170 hivi, ukingo wake una mikwaruzo ya kushikia gongo. Siku ile kilikuwa cha baridi mpaka vidole viliuma, na mzee akaniambia baadaye kwamba hugandishwa makusudi kabla ya mechi ili visidunde ovyo. Sasa kichukue kitu hicho, kirushe kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa, halafu mwambie mtu asimame mbele yake.

Hapo ndipo ninapoanzia.

Mchezaji bora wa nusu msimu: Jacob Fowler, kipa.

Najua mtanipinga. Timu hii ina vijana wanne ambao ulimwengu mzima wa hoki unawatazama, na mimi namchagua kipa. Nisikilizeni.

Msimu uliopita, wa kwanza kwa kocha Greg Brown baada ya Jerry York kustaafu, BC walishinda 14, wakafungwa 16, wakatoka sare 6. York aliondoka na ushindi 1,123, hakuna kocha wa hoki ya vyuo aliyewahi kufika huko, na mwaka uliofuata tukawa timu ya kufungwa na yeyote. Na Cutter Gauthier alikuwepo mwaka huo! Mfungaji tulikuwa naye. Tulichokosa ni utulivu wa nyuma. Mabeki walikuwa wanacheza kwa hofu, kila kisahani kikipita walijua kinaweza kuingia.

Fowler ametoka Melbourne, Florida, mahali pa joto kama Tanga. Mwaka jana aliipa Youngstown ubingwa wa ligi ya vijana ya USHL, halafu kwenye drafti ya NHL, ligi kuu ya kulipwa ambako klabu huchagua vijana kwa zamu, wakatajwa 68 kabla yake ndipo Montréal wakamchukua. Ni mwaka wa kwanza chuoni. Nilimtazama mechi nzima nikiwa nimekaa nyuma ya goli lake, na kilichonishangaza ni jinsi anavyohama kidogo tu. Makipa wengi wanaruka, wanagaagaa, watazamaji wanashangilia. Huyu anasogea nusu hatua, kisahani kinamgonga kifuani, kinafia hapo. Unadhani mpigaji amekosea. Hajakosea, kipa alikuwa ameshafika.

Mechi zetu nyingi tumeshinda mabao mengi, na hilo linamficha. Lakini kumbukeni zile dakika ambazo tunaongoza moja na wapinzani wametuzingira. Mabeki sasa wanatoka na kisahani wakiwa wameinua vichwa. Mwaka jana walikuwa wanakitupa tu mbele, popote. Tofauti hiyo imeletwa na yule aliye nyuma yao.

Mfungaji bora: Cutter Gauthier. Hapa hakuna mjadala. Jezi 19, mwaka wa pili, amezaliwa Skellefteå, Sweden, baba yake akiwa kipa wa kulipwa huko, akakulia Arizona. Akipewa kisahani upande wa kushoto, penye ule mduara, gongo linapinda, linaachia, na kipa anageuka kutazama wavu. Wiki mbili zilizopita jina lake lilikuwa kila mahali: Philadelphia walimchukua wa 5 mwaka 2022, yeye hakutaka kusaini kwao, na Januari 8 wakampeleka Anaheim kwa kubadilishana na beki Jamie Drysdale pamoja na nafasi ya raundi ya pili ya drafti ya 2025. Mashabiki wa Philadelphia wamemtukana mtandaoni mpaka basi. Kijana wa miaka 19 alikuwa ndiyo kwanza katoka mashindano ya dunia ya vijana Gothenburg na dhahabu shingoni. Nampa tuzo hii kwa magoli yake, na namheshimu zaidi kwa namna alivyorudi mazoezini akanyamaza.

Jicho bora: Gabe Perreault. Hii ndiyo tuzo niliyoiwazia sana. Perreault si mkubwa, si mwenye kasi kuliko wote, na kwenye drafti alisubiri mpaka nafasi ya 23. Lakini kule Plymouth, Michigan, kwenye kituo cha timu ya taifa ya vijana, alipata pointi 132 kwa msimu mmoja akaivunja rekodi ya Auston Matthews, nyota wa NHL, ya 117. Mtu hawezi kufika huko kwa bahati. Mtazame asipokuwa na kisahani. Anageuza shingo mara mbili, tatu, anahesabu waliopo, na kikimfikia hakikai. Kuna pasi zake ambazo hata mimi niliye juu, ninayeona uwanja wote, sikuiona njia yake mpaka kisahani kilipofika.

Mpambanaji: Ryan Leonard. Mtoto wa Amherst hapa hapa Massachusetts, nafasi ya 8 kwenye drafti, na kaka yake John aliichezea UMass, chuo kikuu cha jimbo hili, akaongoza nchi nzima kwa magoli mwaka 2019/20, magoli 27. Ryan ana mguso wa mfungaji na mabega ya mbeba mizigo wa Kariakoo. Anakwenda ukingoni na mabeki wa miaka 23, 24, yeye ana 18 (Januari hii hii ameingia 19), na ndiye anayetoka na kisahani.

Beki bora: nahodha Eamon Powell. Mwaka wa nne. Aliuona msimu mbaya wote na akabaki. Inatosha.

Anayesahaulika: Jack Malone. Alihamia kwetu kutoka Cornell, hana kelele, hatajwi kwenye vichwa vya habari. Kila safu inahitaji mtu wa kukimbilia kisahani kilichopotea kona. Nampa tuzo hii nikiamini kuna siku atatufanyia jambo.

Kocha: Brown, kwa kuwaweka Smith, Leonard na Perreault safu moja kama walivyotoka Michigan na kutokuwavunja kila wanapokosea.

Naam, Will Smith sijampa kitu. Ni makusudi. Nafasi ya 4 kwenye drafti, San Jose walimchukua, ana mikono laini kuliko wote, lakini mechi zikibana namwona anazunguka pembeni. Ijumaa na Jumamosi hii tuna Boston University (BU), jirani zetu wa njia moja ya treni ya Green Line. Halafu Februari ni Beanpot, mashindano ya vyuo vinne vya hapa. Akifanya kitu kwenye mechi kubwa nitarudi hapa niandike.

Karibuni tujadili.

#2 Sauti ya Temeke

Mkuu, uzi umetulia, nimesoma mpaka mwisho na hoki sijawahi kuiona hata mara moja. Swali la mjinga: umesema fulani ni wa Philadelphia, fulani wa Montréal, fulani San Jose. Sasa wanacheza chuo vipi? Wamekopeshwa, kama Simba na Yanga wanavyofanya?

#3 Mpare wa Waltham

Swali zuri, kaka, lilinisumbua hata mimi mwaka wa kwanza. Si mkopo. Drafti inaipa klabu haki ya kusaini na kijana huyo, basi. Hajalipwa, hajasaini, hana mkataba. Anaendelea na masomo na chuo, klabu inasubiri. Siku akisaini, chuo kimekwisha, harudi tena. Kwa hiyo sisi mashabiki wa vyuo tunaishi roho juu kila Aprili.

Na hapo hapo ulipo, AFCON, utanielewa vizuri. Mwezi uliopita timu ya taifa ya Marekani ya chini ya miaka 20 ilikwenda Gothenburg na wachezaji wetu saba: Smith, Leonard, Perreault, Gauthier, Fowler, na mabeki Drew Fortescue na Aram Minnetian. Saba kutoka chuo kimoja! Wakawapiga wenyeji Sweden 6-2 fainali Januari 5, Gauthier akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano. Ni kama klabu yako inapofungua kambi na nusu ya kikosi iko Abidjan.

#4 Mkenya wa Merrimack

Niko Lowell, ndugu yangu, na sisi Wakenya wa hapa tumejaa, hata sokoni unasalimiwa kwa Kikuyu. Timu yangu ni UMass Lowell, nakwenda Tsongas Center kwa miguu. Kwa hivyo nawaona BC kama mpinzani, si kama shabiki, na nakuambia umekosea kuhusu Smith.

Sisi tukijiandaa kucheza na nyinyi, mtu wa kwanza tunayemwogopa si Gauthier. Gauthier unajua atasimama wapi. Unaweka mtu hapo, unaomba Mungu. Smith hujui. Anashika kisahani sekunde tatu, nne, beki anachoka kungoja, anamrukia, na hapo ndipo nafasi inafunguka kwa Leonard. Goli linaandikwa Leonard, pasi inaandikwa Perreault, lakini mlango amefungua nani? Wewe unaita "kuzunguka pembeni". Mimi naita kumvuta beki kwa kamba.

Kuhusu kipa nakubali mia kwa mia.

#5 Zawadi Bukavu

Habari zenu. Mimi niko Portland, Maine, na watoto wangu wawili wanasoma hapa. Tulifika wakati wa theluji na jirani yetu ndiye alituonyesha hoki kwenye televisheni. Timu yetu ni Maine, Orono, saa mbili kwa gari kutoka hapa.

Nakuja kuwasalimia tu na kuwakumbusha kwamba mwaka huu kuna ndugu wawili, Bradly na Josh Nadeau, wametoka kijiji kidogo cha New Brunswick wakaja pamoja. Mnazungumza Boston, Boston. Nendeni Alfond muone. Uwanja si mkubwa, lakini paa iko chini na watu wakiimba unasikia kifuani.

Na mkitaka kulinganisha mwaka wa kwanza, mlinganishe na Paul Kariya. 1993, Maine, mwaka wa kwanza chuoni, pointi 100 kwa mechi 39. Timu ilifungwa mara moja tu msimu mzima. Fainali walikuwa nyuma kuingia kipindi cha mwisho, Jim Montgomery akafunga matatu, Kariya akimpa pasi. Watu wa hapa bado wanaisimulia kama ni jana.

#6 Mpare wa Waltham

Dada Zawadi, karibu sana, na hilo la 1993 mzee wangu analijua na halipendi.

Mkenya, hoja yako imenikaa. Nimeisoma mara mbili kwenye basi. Niseme wapi tunakubaliana: hoki inahesabu pasi mbili kwa kila goli, ya mwisho na ile iliyoitangulia, na pointi ya pasi ina thamani sawa na ya goli. Kwa hesabu hiyo Smith haibiwi. Nami sikusema hana mchango. Ninachosema ni kuhusu kipindi cha tatu, bao moja mbele au nyuma, barafu imeshakwaruzika, kisahani kinadunda. Hapo kushika sekunde nne ni hatari. Leonard anajua hilo, Powell anajua. Smith nangoja anionyeshe.

Lakini kweli, nilipomtazama nilikuwa nakifuata kisahani, sikuwa namfuata beki. Ijumaa nitamtazama beki.

#7 Dereva wa South B

Salaam kutoka Nairobi. Nimefurahi mno kukuta uzi wa hoki ya barafuni kwa Kiswahili. Mimi nina binamu anayefanya mazoezi na Ice Lions, timu ya hoki ya Kenya, pale Panari, Mombasa Road. Uwanja ni mdogo kuliko wa kimataifa, vifaa vingi ni vya kupewa, na makipa ni shida kabisa, kwa sababu vifaa vya kipa ni ghali na hakuna anayetaka kupigwa. 2018 timu ilipelekwa Canada, wakacheza mechi yao ya kwanza wakiwa na jezi kamili, na nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon wakaingia kucheza nao. Binamu yangu bado anaiangalia ile video.

Kwa hivyo ulipomweka kipa nambari moja, nimemtumia uzi wako. Yeye ni kipa.

#8 Mpare wa Waltham

Mwambie binamu yako aangalie miguu ya Fowler, asiangalie mikono. Na mwambie tunamwombea.

#9 Ummu Salha

Assalaam alaykum. Niko Muscat, mwanangu wa miaka tisa anateleza kwenye uwanja wa barafu wa hapa na sasa ananiambia anataka gongo. Nimeona picha za wachezaji wengine wana meno yamevunjika. Hao wa chuo unaowasimulia wanavaaje? Nitamruhusu vipi?

#10 Mpare wa Waltham

Waalaykum salaam, mama. Vyuoni ni lazima uso wote ufunikwe kwa wavu wa chuma au kioo kamili. Hayo mapengo unayoyaona ni ya NHL, ambako wengi wanavaa kioo cha nusu uso. Mtoto avae kofia yenye wavu kamili, kinga ya shingo, na kinga ya meno. Usimpe gongo kwanza. Aweze kusimama, kugeuka na kuanguka bila kuogopa. Magongo yatakuja.

Na kwa sababu ya ule wavu, sisi wa vyuo hatuwajui wachezaji wetu kwa sura. Tunawajua kwa namna wanavyoteleza. Perreault, jezi 34, anateleza kama amekaa kidogo, magoti yamekunjwa. Ningemtambua hata bila namba.

#11 Mkenya wa Merrimack, Januari 28, 2024

Mpare uko wapi? Mmewapiga BU zote mbili, moja kwenu, moja kwao Agganis. Ulimtazama beki au kisahani?

#12 Mpare wa Waltham

Nilimtazama beki. Nitasema baadaye, sasa naelekea kazini na sauti imekauka.

#13 Mpare wa Waltham, Februari 6, 2024

Nimekaa na hili tangu jana usiku. Beanpot, Jumatatu ya kwanza ya Februari, TD Garden imejaa. Kwa msiojua: ni vyuo vinne vya hapa, BC, BU, Harvard na Northeastern, tangu miaka ya 1950, na watu wa mji huu wanaipenda kuliko mashindano mengine ambayo ni makubwa kuliko hiyo. BU wametutoa 4-3. Macklin Celebrini wao ana miaka 17 na anacheza kama amezeeka kwenye barafu.

Fowler amefungwa manne na nimeona watu wanaandika kwamba nilimpa tuzo mapema. Sijabadilika. Yasome magoli moja moja, mtaona alikuwa anapigiwa na watu walioachwa peke yao. Kipa hawezi kukaba.

#14 Sauti ya Temeke, Machi 24, 2024

Mkuu nafufua uzi. Nimeamka nimekuta ujumbe kutoka kwa Mkenya, "mwulize Mpare kuhusu Smith". Kuna nini?

#15 Mkenya wa Merrimack

Fainali ya Hockey East, ligi yetu ya vyuo vya huku. BC 6, BU 2. Will Smith magoli manne. Manne, TD Garden, dhidi ya BU, kwenye fainali. Nimemaliza.

#16 Mpare wa Waltham

Nimekuja mwenyewe, hakuna haja ya kunitafuta.

Nilikuwepo. Viti vya juu kabisa, karibu na zile bendera. Nilisema akifanya kitu kwenye mechi kubwa nitarudi niandike, na nimerudi. Mkenya alikuwa sahihi tangu Januari na mimi nilikuwa nimekosea. Ile niliyoiita kuzunguka pembeni ni kungoja, na jana alingoja mpaka BU wenyewe wakamfungulia. Mzee wangu nilimpigia simu nikiwa kwenye ngazi, kelele zimejaa, sikumsikia anasema nini, nikamsikia anacheka tu.

Tuzo ya mechi kubwa: Will Smith. Iandikwe kwenye bandiko la kwanza kama nafasi ingekuwepo.

#17 Zawadi Bukavu, Aprili 1, 2024

Jack Malone! Jana nilikuwa natazama na watoto. Nikawaambia huyu ndiye yule aliyesahaulika!

#18 Mpare wa Waltham

Dada, mikono inatetemeka bado. Providence, mechi ya kwenda Frozen Four, yaani nne bora za taifa, dhidi ya Quinnipiac ambao ndio mabingwa watetezi. Nne nne, muda wa ziada, anayefunga kwanza ndiye anabaki hai. Na anayefunga ni Malone wa Cornell. 5-4. Nilikaa chini sakafuni sebuleni.

#19 Dereva wa South B, Aprili 14, 2024

Pole, ndugu. Tulitazama hapa usiku wa manane, binamu yangu na mimi. Alitaka nikuandikie kwamba Fowler hakufanya kosa.

#20 Mpare wa Waltham, Aprili 14, 2024

Asanteni nyote mlionitumia ujumbe.

Alhamisi tuliwapiga Michigan 4-0. Kipa hakufungwa hata moja kwenye nusu fainali ya taifa, mwaka wake wa kwanza. Jana, Saint Paul, Denver 2, sisi 0. Timu iliyofunga kuliko karibu wote nchini ikapiga mashuti 35 kwa kipa wao Matt Davis na hakuna hata moja lililoingia. Huo ni ubingwa wa 10 wa Denver, hakuna chuo chenye mingi kama hiyo. Nimeufikiria usiku kucha: tulishindwa na kipa. Tangu Januari nawaambia mchezo huu unaanzia golini, na jana umenithibitishia upande usioupenda moyo wangu.

Hesabu za mwisho, kwa kumbukumbu ya uzi. Ushindi 34, kufungwa 6, sare 1. Smith pointi 71, wa kwanza nchi nzima. Gauthier magoli 38, wa kwanza nchi nzima, na alikuwa miongoni mwa watatu wa mwisho wa Hobey Baker, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, ikaenda kwa Celebrini, mdogo kuliko wote waliowahi kuipata. Leonard magoli 31. Perreault pointi 60 kwa mechi 36 tu. Msimu uliotangulia tulikuwa 14-16-6, msisahau.

Tuzo zangu naziacha kama zilivyo, isipokuwa ya Smith niliyoiongeza Machi.

Mzee alilala kabla mechi haijaisha. Nilipoingia zamu saa tano usiku nilimkuta redio inaongea peke yake, nikaizima. Saa kumi alfajiri akaamka, akauliza ngapi. Nikamwambia mbili bila. Akanyamaza, akatazama dirisha, halafu hakuuliza habari za Smith wala za Gauthier.

Aliuliza, "Kipa anabaki mwakani?"

Nikamwambia hajasema kuondoka. Akaniomba maji, akanywa nusu glasi, akalala tena.

Msimu unaanza Oktoba. Dereva, mwambie binamu yako anitumie kipimo cha miguu na urefu wa goti lake. Hapa Waltham kuna duka la vifaa vilivyotumika, na nimeona kinga za kipa za bei ya kawaida, mkanda mmoja tu ndio umekatika.